Lori la porini kwa watu kumi na sita: lichukueni, ila Pasaka na Katavi ziacheni

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tabata, tuko kumi na sita. Mwaka huu tumekubaliana tusigawane akiba yote, sehemu tuitumie kusafiri. Tumepata lori la kubebea watalii, lile refu lenye madirisha mapana, linakodishwa pamoja na mahema, dereva, mpishi na msaidizi. Ratiba yetu ni siku tisa za Pasaka: Dar, Mikumi, Ruaha, Katavi na kurudi. Wenzetu wengine wanataka Coaster na tulale hoteli. Kipi kinatufaa? Tukague nini kabla hatujalipa? Na tuna mama yetu wa miaka 61 mwenye sukari, anachoma sindano. Aje au abaki? Katibu wa kikundi, Tabata.

JIBU: Marahaba, Katibu. Ratiba yenu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Na lori sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na Pasaka na Katavi, na nikimaliza hapo tutazungumza mengine.

Tuanze na hesabu. Kutoka Dar hadi Katavi kwa njia ya Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,300. Lori zito lenye watu na vyombo vyao, hata likiwa kwenye lami nzuri, ukijumlisha mizani ya Vigwaza, Mikese na Wenda, vibao vya 50 kwenye kila kijiji, kupanda Kitonga nyuma ya malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa kama konokono, chai, mafuta, na kusimama mara tano kuchimba dawa, halikupi wastani wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni saa 26 za kukaa kitini. Kwa saa tisa kwa siku ni siku tatu za kwenda, na njia ya kurudi haijawahi kuwa fupi kuliko ya kwenda. Kati ya siku zenu tisa, sita mtazitumia kutazama lami. Basi la Mbeya lingewaonyesha lami hiyohiyo kwa nauli ya kawaida, na soda juu.

Katavi ni pazuri, sikatai. Nimeona viboko wa Mto Katuma mwezi wa tisa wamebanana kwenye dimbwi moja la tope mpaka huoni maji. Lakini Katavi ni ya mtu mwenye wiki mbili na nusu, au ya mtu anayeanzia safari Mbeya.

Sasa lori lenyewe. Mimi nilianza kazi hii kama utingo miaka ya tisini, kwenye malori ya wageni yaliyokuwa yakitoka Nairobi kwenda Victoria Falls. Waliokulia Kigamboni wanayakumbuka. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016 yalikuwa yakipanga foleni Magogoni kusubiri kivuko, wageni wamechomoza vichwa madirishani, watoto wanawapungia. Lori lilikuwa linapiga kambi ufukweni siku tatu nne huku abiria wakienda Zanzibar na kurudi. Wengi walidhani ni basi la ajabu. Lile ni nyumba. Jiko liko ubavuni, maji yako tumboni, mahema na magodoro kwenye sanduku la nyuma, kabati la kila mtu lina kufuli, na watu ishirini wasiojuana wanapika kwa zamu, wanaosha vyombo kwa zamu, hata kiti cha dirishani kina zamu. Faida yake ni moja tu: linawawezesha kulala pasipo na kitanda wala duka wala bomba, mkala mkashiba, na asubuhi mkaondoka bila kumwomba mtu kitu. Ukililaza lori hilo nje ya hoteli kila usiku, umelipia nyumba ukaenda kupanga chumba.

Kwa hiyo swali la Coaster linajibiwa na njia mtakayopita. Kama mnachotaka ni Mikumi usiku mbili, chukueni Coaster, mle nyama choma, mrudi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, kama kilomita 50 hivi, na twiga mtawaona kabla hata hamjafika getini. (Mwambieni dereva apunguze mwendo. Kuna kibao pale kinachotaja bei ya kila mnyama, na mkimgonga pundamilia akiba yenu yote ya kikundi inaishia hapohapo.) Lakini mkitaka kwenda mahali ambapo Coaster itakalia tumbo kwenye tuta la mchanga, lori ndilo lenyewe.

Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, na huo ni moyo wa masika. Najua kwa nini mmeichagua: kila mtu ana likizo. Lakini Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba na nyumba za watu Kibiti na Rufiji, na njia nitakayowapa hapa chini inapita hukohuko. Hata mwaka usio na mafuriko, tatizo ni udongo. Siku hizi tukisema mbuga tunafikiria simba na geti la kulipia, lakini kwa wakulima wa bara mbuga ni ile tambarare ya udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu na kuwa mgumu kama sakafu. Ukinyeshewa saa moja tu unageuka ulojo. Haukwami tu, unanata: tairi linajivika udongo mpaka linakuwa duara la tope lisilo na meno hata moja, na lori linateleza kiubavu huku dereva ameshika usukani kama pambo.

Nendeni Agosti. Nane Nane ni sikukuu, mkiungia likizo za siku chache mnapata siku zenu tisa. Maji porini yamepungua, wanyama wamekusanyika mitoni, nyasi zimelala, na usiku hakuna joto la kuwafukuza ndani ya hema. Ruaha kule usiku wa Agosti hata sweta mtalitaka. Wasioweza Agosti waende Saba Saba, tofauti si kubwa.

Njia ninayowapa ni ya mzunguko, kwa sababu sipendi kurudi nilikopita. Siku ya kwanza mtoke Tabata saa kumi alfajiri. Nasema kumi, sisemi "kuanzia kumi". Mpite Mbagala kabla daladala hazijaamka, mpite Mkuranga, mfike Kibiti mnywe chai. Hapo mnaacha lami na kushika njia ya vumbi hadi Mloka, kilomita mia moja hivi, na mnalala nje ya hifadhi. Siku ya pili asubuhi mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa geti la Mtemere. Hii ndiyo iliyokatwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, kilomita za mraba 30,893, na ninyi mtakuwa mnapita kipande chake cha kaskazini mwa Mto Rufiji tu. Zungukeni kwenye maziwa, Manze na Tagalala. Mbwa mwitu mkiwapata mmebahatika, maana kwingine Tanzania wamekuwa adimu. Siku ya tatu mpite Beho Beho. Kaburi la Frederick Selous lipo pale, Mwingereza aliyeuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika huku. Pori lote lilibeba jina lake kwa miaka mingi. Kisha mtokee Matambwe mlale Kisaki, ambako reli ya TAZARA inapita, na usiku mnaweza kusikia treni kabla ya fisi.

Siku ya nne ni Kisaki hadi Morogoro. Kwenye ramani ni fupi. Kwenye mgongo ni ndefu: mashimo, mawe, miteremko ya Matombo chini ya milima ya Uluguru, saa sita mkienda vizuri. Morogoro mwoge. Kwa kweli mwoge, mlale hata gesti siku hiyo, nawaruhusu. Siku ya tano mnapita Mikumi bila kusimama sana hadi Iringa, na pale Ruaha Mbuyuni mnunue vitunguu, mkipanda Kitonga mkifika Ilula mnunue nyanya. Siku ya sita mnaingia Ruaha, kilomita 130 hivi kutoka Iringa mjini. Ya saba mnashinda humo. Ya nane mnarudi hadi Mikumi, ya tisa Dar.

Kusema kweli ningekuwa mimi ningeiondoa Ruaha pia, nikalala usiku wa tatu Nyerere na wa nne Kisaki, nirudi bila haraka. Nimeiacha kwa sababu najua mkiikosa mtagombana. Lakini mkichelewa siku moja njiani, kwa sababu yoyote ile, Ruaha ndiyo inayokatwa. Liandikeni hilo kwenye muhtasari wa kikao kabla ya safari. Mkingoja kulijadili Morogoro mtalijadili mpaka usiku.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo hamkuuliza. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona simba akiharibu safari. Kinachoharibu ni wakati wa jioni, watu wamechoka, kambi iko mbele kidogo, na hakuna anayejua nani ana kauli ya mwisho.

Niwasimulie langu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, vuli imeanza, tuko upande wa Rungwa na kundi la wenyeji wenzetu waliokodi lori kama ninyi. Tukafika kwenye korongo saa kumi na moja jioni. Maji yalikuwa kidogo, ya kifundo cha mguu. Nikashuka, nikavua viatu, nikaingia kupima. Juu mchanga mzuri, lakini kisigino kilikuwa kinazama kila nikisimama sekunde mbili, na chini yake nikahisi ule ubaridi wa tope. Nikarudi nikasema tunalala ng'ambo hii. Mmoja wao, mtu mzima, mkubwa kazini kwake, akasema mbele ya watu: "Dereva gani anaogopa maji ya kunawia miguu?" Watu wakacheka. Ng'ambo ya pili kulikuwa na kambi yenye bafu. Nami, badala ya kucheka nao nikafungue mahema, nikapanda usukani.

Tulizama katikati, tairi za nyuma mpaka kwenye difu. Tukachimba kwa sepetu mbili kuanzia jua linazama. Tope la aina ile halitoki kwenye sepetu kwa kutikisa. Kila ukiinua inabidi mwenzako alikwangue kwa mkono, kisha unarudi kuchimba shimo ambalo limeshajifunika. Tukaweka chini ya tairi yale mabati yenye matundu, yakamezwa. Saa nne usiku mawingu yalikuwa yanamweka upande wa mlimani, nikawaambia wote watoke mtoni, tutalala kwenye ukingo, lori liamue lenyewe. Mungu alisaidia mvua haikufika. Tulivutwa kesho yake mchana na trekta la mtu wa pamba, kwa bei aliyoitaja yeye bila kupunguza hata mia. Kosa lilikuwa langu, maana usukani niliushika mimi. Lakini tangu siku hiyo sitoki Dar na kundi kabla hatujakubaliana kwa maandishi: kuhusu barabara, maji, saa na wanyama, dereva akisema hapana, kikao hakiitwi. Kuhusu chakula, muziki na nani alale na nani, dereva hana kauli, jambo hilo ni la kikundi na katibu wake. Pole, hilo ni lako.

Kwa njia niliyowapa msitegemee kupima makorongo mengi kwa miguu. Kwanza Agosti mengi ni makavu, pili Rufiji na vijito vyake vina mamba. Pakiwa na maji na shaka, mnageuza.

Sasa ukaguzi. Nendeni wawili au watatu mchana, mmoja wenu awe mtu asiyeona haya kuuliza. Ombeni kuongea na dereva mwenyewe atakayewapeleka, si dalali wala mtu wa ofisini, na mwulizeni ni lini mara ya mwisho alipita Kisaki. Ukimya mfupi kabla ya jibu utawaambia mengi. Kisha inameni kwenye tairi. Kila tairi lina tarakimu nne zimechongwa ndani ya kijiduara ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazima kabisa na mpira ukawa mzee, na mpira mzee hupasuka kwenye joto la lami, haupasuki porini mnakotembea polepole. Mimi tairi lililopita miaka saba silipandishii watu. Tairi za akiba ziwe mbili, na zikaguliwe hivyohivyo, kwa sababu wajanja huweka zilizochoka pale juu wakijua hakuna atakayepanda kutazama. Pandeni.

Mwambieni awatolee jeki, ailaze chini ya ekseli, ainyanyue mbele ya macho yenu. Atacheka, atasema haina haja. Ninyi subirini. Jeki nyingi za mjini hazijainua kitu tangu zinunuliwe. Muulizeni habari ya pampu ya upepo, maana mchangani anatakiwa apunguze upepo wa tairi na akifika kwenye ardhi ngumu aurudishe. Asiye na pampu hatapunguza, na asiyepunguza atawapigisha sepetu. Muulizeni simu ya setilaiti, kwa sababu ndani ya Nyerere kuna saa nyingi simu zenu zitakuwa tochi tu. Viti viwe na mikanda, na bodi ya lori itazameni kwa chini. Nyingi zimechomelewa kwenye gereji za mtaa wa Gerezani hapa Dar, na mafundi wa Gerezani siwadharau, ni mabingwa. Lakini bodi ikichomelewa moja kwa moja kwenye chesisi bila kuachwa icheze kidogo, barabara ya Matombo itaipasua.

Karatasi ni haraka: gari liwe na leseni ya kubeba watalii, na bima iwe ya abiria, mkahakiki namba ya gari kwenye mfumo wenyewe wa TIRA, mamlaka ya bima, badala ya kuangalia stika. Lori la mizigo lililowekewa mabenchi si lori la safari, hata likiwa na picha ya simba ubavuni. Mkisimamishwa Kibiti mtashushwa na hakuna wa kumlaumu.

Fedha. Lori la kiasi hicho hunywa lita moja kwa kilomita tatu hivi, na mzunguko wenu pamoja na kuzurura hifadhini unafika kilomita 1,700. Wekeni lita 570, zidisheni kwa bei elekezi ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, mtajua kama mliyoambiwa ni bei au ni bahati nasibu. Ada za hifadhi kwa raia ni nafuu kabisa, hazitawaumiza. Inayouma ni ya gari: hulipiwa kwa uzito, na lori hulipa mara kadhaa ya Land Cruiser. Ndiyo maana malori mengi ya wageni huachwa nje ya Serengeti, abiria wakahamia magari madogo. Nanyi piga hesabu hiyo kwa Ruaha: pengine lori mkaliacha nje ya geti, mkakodi magari matatu ya wenyeji kwa siku moja. Kibali cha kuingia ni cha saa 24, hivyo anayeingia saa nne asubuhi anatoka kesho saa nne bila kulipa mara mbili. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Ile kontroo namba itafuteni na kuilipa mkiwa bado na mtandao, msifike getini mkaanza kunyoosha simu juu.

Maji sikilizeni vizuri. Mko kumi na sita na wahudumu watatu, kumi na tisa. Lita kumi kwa mtu kwa siku, yaani kunywa, kupika na vyombo, kuoga hakumo, ni lita 190 kila siku. Kati ya Mloka na Kisaki ni siku mbili, ongeza moja ya dharura. Tangi la lori likiwa la lita 300, basi mna madumu ya kujaza, na mjue yatakaa wapi kabla hamjapakia viti vya plastiki na spika.

Chakula mpishi anajua, nitasema mawili tu. Choroko badala ya maharage, kwa sababu maharage yanakula gesi saa mbili, na kuni hifadhini haziokotwi. La pili, nyama ni ya usiku wa kwanza na wa pili, baada ya hapo ni dagaa, na asiyependa dagaa ajitayarishe kisaikolojia.

Chakula chote usiku kinalala ndani ya lori. Chote, pamoja na pipi za watoto na machungwa. Kuna mwaka tulikuwa tumepiga kambi kando ya Mto Ruaha, vijana wawili wakaingia hemani na kiroba cha machungwa ya Muheza, kimya kimya, wasigawane na wenzao. Kwenye saa tisa usiku nikasikia sauti kama khanga mpya inachanwa. Nikachungulia. Mbalamwezi ilikuwa kali, na tembo dume alikuwa amesimama juu ya lile hema amelipasua kwa ncha ya pembe kistaarabu kabisa, mkonga umeingia ndani. Wale vijana walikuwa wamejibana upande wa pili hawapumui. Tembo alichukua moja moja, akitafuna, akirudi. Alipomaliza akakichukua na kiroba, akaondoka nacho bila haraka, akakanyaga kamba moja tu ya hema la jirani. Wale hadi leo wakiona chungwa wanatabasamu vibaya.

Mbung'o mtawakuta Nyerere na Ruaha. Wanafuata gari linalotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo fulana za kikundi, kama mmeshaziagiza za bluu, zivaeni Morogoro. Rangi za udongo ni nzuri, ila si zile nguo zenye madoa kama za jeshi, hizo kwa raia ni kosa. Madereva wa kule hufukiza kinyesi kikavu cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari. Kinanuka, lakini kinasaidia. Mbung'o anaweza kuambukiza malale, mara chache, na mbu wa malaria hawajali kwamba mmetoka Dar. Mtu akipata homa baada ya kurudi apimwe siku hiyohiyo, na amwambie daktari alikuwa wapi.

Mwisho mama yenu. Aje, kwa masharti, na baada ya daktari wake kusema ndiyo. La daktari silijibu mimi. Ninachojua ni cha njiani. Dawa yake ibebwe mara mbili ya anayohitaji, kwenye mikoba miwili, mmoja wake na mmoja wa mtu anayeaminika. Insulini isiguse barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika. Ifungwe kwenye kitambaa, ikae kwenye sanduku la baridi mbali na chupa zilizogandishwa, na sanduku hilo lisiwe la soda linalofunguliwa kila dakika. Asikae safu ya nyuma, kule kila shimo linaingia kiunoni. Apewe hema la karibu na lori, na mtu wa kulala naye ambaye anajua dalili za sukari kushuka na anajua glukosi iko mfuko gani gizani. Chakula chake hakingoji zamu. Na msimfiche ukweli huu: kutoka katikati ya Nyerere hadi hospitali kubwa ya Morogoro ni karibu siku nzima ya barabara. Aambiwe, aamue mwenyewe. Nimewahi kusafiri na bibi wa miaka 70 aliyekuwa wa kwanza kuamka kila siku na wa mwisho kulalamika. Nimewahi pia kusafiri na kijana wa miaka 25 aliyetaka kurudi Dar kutoka Chalinze.

Nitumie ratiba mpya kabla hamjatoa malipo ya awali. Na ukiniandikia, niambie ni nani atakayekuwa anawaamsha saa tisa na nusu siku ya kwanza, maana "tutaamka wenyewe" nimeshaisikia.